Mstari Ambao Haukushuka

Nkuhungu, Dodoma. Jioni, kabla ya magharibi.

Mwanangu Zainabu,

Salamu nisikuulize, maana mchana tumekula sahani moja na nimeona kwa macho yangu ulivyomaliza mlenda wote ukanibakizia ugali mkavu. Sasa wewe na mama yako mmekwenda Miyuji kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua dada yangu, hatawaachia mpaka mnywe chai mara mbili. Kwa hiyo nyumba ni yangu. Nimekaa sebuleni katikati ya marobota ya mablanketi, na nimechukua daftari lako la chuo lililobaki na kurasa tupu. Hukuniruhusu, najua.

Mambo ya kuvaa sweta, kufunga mlango na kutopokea soda ya mtu usiyemjua ndani ya basi, mama yako ameyasema wiki nzima mpaka mimi nimeyashika kwa moyo. Siyarudii. Nataka kukuandikia juu ya kazi unayokwenda kuifanya Mwanza. Majirani wakiniuliza ni kazi gani, nawaambia unakwenda kufanya watu watazame maduka ya wenzao kwenye simu, na wananitazama kama nimesema unakwenda kuuza upepo. Lakini mimi naielewa. Ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote kwenye minada, ila yangu haikuhitaji bando.

Nilianza minada kabla hujazaliwa, nikimbebea marobota Mzee Sefu, muuza mablanketi aliyejulikana kuanzia Mpwapwa mpaka Manyoni. Wewe ulifika mnadani mara chache ukiwa mdogo, ukalala juu ya mzigo. Leo kijiji hiki, keshokutwa kile. Unatandika turubai kwenye vumbi, wa kulia kwako anauza sufuria, wa kushoto anauza mbuzi, na wote mnamtaka mtu yuleyule anayepita. Mimi nilidhani kazi ni kupiga kelele. Nilipiga kelele siku mbili mpaka sauti ikakauka, na watu walinipita kana kwamba sipo. Mzee Sefu alikaa kwenye robota anatafuna karanga. Siku ya tatu akaniuliza, "Juma, umemwona yule mama mwenye kanga ya njano?"

Nikasema sijamwona.

"Amepita hapa mara tatu. Wewe unaimba tu, watu huwaoni."

Mama yule alipopita mara ya nne, mzee alisimama akamsalimia kwa Kigogo, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbukwa, mama. Huyo mtoto wa mgongoni anakohoa tangu asubuhi." Mama akasimama. Mzee hakumtajia blanketi. Aliuliza mtoto ana umri gani, analala na nani, nyumba yao imekaa upande gani wa upepo. Mama alijibu yote, na alipokuwa akijibu, mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshashika pindo la blanketi.

Zainabu, nilishangaa siku ile na mpaka leo sijamaliza kushangaa. Kwa nini alisimama? Wengine walimsalimia pia. Wengine walikuwa na bei nzuri kuliko sisi. Nimelala na swali hilo miaka mingi kuliko umri wako, na sijapata jibu la kutosha. Nilichopata ni vipande. Niligundua kwamba mtu anayetaka kuondoka huanza kuondoka kwa miguu: macho bado yako kwako, uso unatabasamu, lakini kidole gumba cha mguu kimeshageukia njia. Tangu hapo nikawa nauza nikitazama miguu. Niligundua kwamba blanketi likikunjuliwa polepole watu husogea, likikunjuliwa haraka hurudi nyuma. Jirani yangu alirekodi sauti yake kwenye kipaza sauti, ikawa inarudia "bei poa, bei poa" kutwa nzima, na kufikia saa nne asubuhi hakuna aliyeisikia tena isipokuwa mimi niliyekaa karibu nayo, na mimi nilikuwa natamani kuivunja.

Halafu kulikuwa na jambo moja ambalo Mzee Sefu alinifundisha kwa kunipiga kofi la mgongo. Nilikuwa na tabia ya kusimama mbele ya mzigo, kifua mbele, kama vile mimi ndiye ninayeuzwa. "Toka hapo," aliniambia. "Watu wakishaanza kutazama kitu, wewe sogea pembeni. Usizibe." Nilifanya hivyo siku baada ya siku mpaka ikawa kama kupumua. Nikiona macho yametua kwenye kitu kilicho nyuma yangu, mguu wangu wa kushoto unarudi wenyewe, bega linageuka, na kitu kinabaki peke yake mbele ya watu. Shika hilo, nitalirudia chini, na halitanipendeza.

Nilifanya na ujinga pia. Siku moja huko Kongwa biashara ilikuwa imelala, tukakubaliana na rafiki yangu Hamisi tugombane. Yeye ajifanye ameshika blanketi la mwisho, mimi nijifanye nimeshamwahidi mtu mwingine. Tulitukanana kwa ustadi mkubwa. Mnada wote ulikuja, hata wauza mbuzi waliacha mbuzi. Nilikuwa sijawahi kuona watu wengi namna ile mbele ya turubai langu, na nilijiona mfalme. Tulipochoka kugombana na mimi nikaanza kutangaza mablanketi, walitawanyika wote wakicheka. Mama mmoja aliyebaki nyuma akifunga mzigo wake aliniambia, "Baba, ulituita tuone ugomvi, tumeuona. Kama ulikuwa na kitu kingine ungesema." Hatukuuza hata kitambaa. Nilisimulia kisa hicho kwa miaka kama kichekesho, na wewe umekisikia mara nyingi kiasi kwamba ulikuwa ukinimalizia sentensi.

Ulipomaliza chuo ukaniambia, "Baba, minada imepungua watu, wako kwenye simu, twende tukawatafute huko," nilikubali kwa sababu ya udadisi tu. Nilitaka kujua watu husimamaje mahali pasipo na njia ya kupita. Unakumbuka siku yetu ya kwanza hewani? Ulinibonyezea, ukanipa ishara, na mimi nikakaa kimya. Nikakunja blanketi, nikakunjua, nikakunja tena. Ulinikonyeza mpaka jicho likauma. Mimi nilikuwa nasubiri watu wajae, maana mnadani hakuna mwenye akili anayeanza kuongea kabla watu hawajakusanyika. Nilisubiri karibu nusu saa! Waliotutazama walikuwa shangazi yako, wewe mwenyewe kwa simu ya mama yako, na mtu mmoja aliyeandika, "Mzee, uko salama?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilinuna mpaka usiku, kisha nikaanza kucheka peke yangu kitandani na mama yako akadhani nimepandwa na homa.

Halafu alikuja yule mbuzi wa jirani. Nilikuwa naeleza kwa uzito wote tofauti ya sufu na pamba, na nyuma yangu mbuzi anatafuna kona ya blanketi taratibu kama mteja anayeonja. Video ile ilizunguka mji mzima. Watu waliniita Baba Mbuzi mpaka msikitini. Na maoni yote yalikuwa "mbuzi bei gani?" Nilitaka kuifuta, wewe ukakataa. Ulisema, "Wameshasimama, baba. Sasa tuone watabaki kwa lipi." Kesho yake ukanikalisha nikaongea na mbuzi yuleyule, nikimweleza kwa nini blanketi hili halitaliwa kirahisi, na kwa mara ya kwanza tuliuza. Nilikutazama siku ile nikajisemea, huyu ni Mzee Sefu aliyezaliwa upya na kilemba cha kike.

Kisha ukanionyesha ule mchoro. Hilo ndilo lililoniharibu, na silaumu mchoro. Uliniambia, "Tazama, baba, huu mstari unaonyesha watu wanabaki mpaka sekunde ya ngapi." Mstari ulianza juu kabisa na kabla sijavuta pumzi ulikuwa umeporomoka hadi nusu. Nilikodoa macho. Miaka yote ile nimetazama miguu ya watu vumbini, na sasa kumbe kuna kitu kinachokuchorea miguu yote kwa pamoja, hata ya walioko Mbeya na Tanga! Nilikuwa kama mtoto aliyepewa saa aifungue. Hapa walichoka niliposema bei. Hapa walirudi nilipokohoa. Kwa nini nilipokohoa? Nilikusumbua na maswali wakati wa kula, ukiwa unafua, hata ukiwa unaswali nilikaribia kukusemesha. Mama yako alisema nimepata mke wa pili wa kwenye kioo. Nilicheka, lakini alikuwa haongei utani. Mstari ulikuwa unashuka kila siku, na mimi nilitaka kuona, angalau mara moja, mstari usioshuka.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Siku ile ya kipupwe mwaka jana, upepo ulikuwa unapiga bati na kila mtu mjini anatafuta blanketi. Wewe ulikuwa chumbani. Mimi nilisema leo najiweka hewani mwenyewe, nisikusumbue. Nikaweza. Nilikuwa nimesimama hapahapa nilipokaa sasa, simu kwenye kishikio chake, watu wachache wanatazama na wanapungua. Ukatoka kwa mlango wa nyuma yangu, simu yako mkononi, ukakaa juu ya robota. Ukasema, "Baba, amesema hataki tena. Wazazi wake wamemtafutia mwingine." Ukajifunika uso kwa kanga ukalia, kilio ambacho sijakisikia kwako tangu ukiwa mtoto. Posa ilikuwa imeshapokelewa. Mama yako alikuwa ameshaanza kuwaza mapishi.

Yanayojulikana ni haya: simu ilikuwa hewani, watu waliona, wengine wakarekodi, na kufikia jioni kilio chako kilikuwa kinazunguka na muziki umewekwa juu yake. Msichana wa saluni alikuonyesha wewe mwenyewe video hiyo, hakujua ni wewe. Upande wa kijana aliyekuposa wakasema umefanya makusudi kuwaaibisha. Na ulipokuja kuniuliza, "Baba, ilikuwa hewani?" mimi nilikujibu, "Nilisahau kuzima, mama. Vidole vyangu na vitu hivi, unavijua." Ukaniamini, kwa kuwa ni wewe uliyekuwa ukivitania vidole vyangu. Nilitumia utani wetu kujifichia. Kisha wewe, uliyekuwa umevimba macho, ukaandika kwenye ukurasa wetu kwamba baba yako ni mtu mzima, alisahau kuzima, watu wasimlaumu.

Sikusahau, Zainabu.

Nilijua niko hewani. Nilikuwa nimebonyeza mwenyewe dakika chache kabla na nilikuwa najivunia. Ulipokaa na kusema neno la kwanza, jicho langu lilikwenda kwenye pembe ya simu ambako huhesabiwa watazamaji, na hesabu ikaacha kupungua, ikaanza kupanda. Simu ilikuwa karibu kiasi cha kuifunika kwa kiganja bila kunyoosha mkono. Sikuifunika. Nikasema "Pole, mama," na mguu wangu wa kushoto ukarudi nyuma, bega likageuka. Nilisogea pembeni, nisizibe. Wewe ukabaki peke yako mbele ya watu.

Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba mwili ulifanya wenyewe kwa mazoea. Mguu labda. Lakini baada ya mguu nilikuwa na muda. Nilikuwa na muda wote ule uliolia, na nilisimama pale nikijua. Ndani yangu kulikuwa na sauti ndogo yenye hamu, ileile iliyouliza kwa nini mama wa kanga ya njano alisimama, na ilikuwa inauliza, je, watabaki? Binti yangu analia na mimi nilikuwa na hamu ya kujua.

Na kuna baya zaidi, nalo mama yako pia halijui. Asubuhi yake, kabla sijagonga mlango wako kukuuliza umelalaje, nilifungua simu nikatafuta mchoro. Mstari ulikuwa umenyooka. Tangu ulipokaa mpaka ulipoinuka, haukushuka. Niliutazama nikafurahi. Furaha ile ilikuwa fupi, pengine haikufika hata kumaliza kikombe cha chai, lakini ilikuwepo, na nimeishi nayo mwaka mzima kama mfupa kooni. Video niliiacha siku mbili. Mama yako ndiye aliyesema nitaifuta au atalala kwa shangazi yako.

Mablanketi yaliisha wiki ile, hilo unalijua. Waliokuja baadaye ndio walionifunza niliyokuwa nimefanya. Nilikuwa nikiingia hewani wanaandika, "Binti yuko wapi?" na "Leo halii?" Niliwaeleza sufu, nikawaeleza pamba, nikamleta mpaka mbuzi. Hawakutaka. Nilikuwa nimewaita kwa machozi yako na hawakuwa na haja na kitu kingine chochote nilicho nacho. Kile kisa cha Kongwa sikukisimulia tena tangu hapo, na wewe hukuniuliza kwa nini.

Huko Mwanza utakaa na michoro ya watu wengine siku nzima. Kazi hiyo unaijua kunishinda, siwezi kukufundisha namna ya kuvuta watu. Ila nadhani itakuja siku utaona mstari uliokataa kushuka, na wote ofisini watafurahi, na wewe pia utafurahi, maana ni kitu kizuri sana kukiona. Siku hiyo nakuomba uache kutazama mstari kidogo, umtafute mtu aliyesimamishwa mbele ya watu, uone kama anajua. Mimi sikufanya hivyo, na mtu mwenyewe alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu.

Sasa kwa nini nakuambia leo, wakati tungeweza kuagana vizuri? Kwa sababu ya maneno yako ya jana. Ulikuwa unakunja nguo, ukaniona nimenyamaza, ukadhani nawaza yaleyale. Ukanishika bega ukasema, "Baba, mimi sikulaumu hata kidogo. Ulisahau tu kuzima, yameisha. Naenda Mwanza kwa sababu ya kazi, usijitese." Nikaitikia, "Haya, mama." Nikatoka nikaenda uani, nikajifanya natafuta ndoo. Nimekuwa na hasira na nafsi yangu tangu saa ile. Ulinisamehe, mwanangu, ukamsamehe mzee mwenye vidole vizito asiyejua kuzima simu. Mzee huyo hayupo. Nilimtunga mimi, na wewe umemhurumia mwaka mzima, ukamtetea mbele ya watu, na kesho ungeondoka ukiwa bado unampenda yeye.

Kwa hiyo msamaha ule nakurudishia, sikuustahili. Aliyekukosea ni mimi ninayeandika, aliyeona na akasogea. Kama utapata msamaha wa huyu, nitaupokea. Kama utahitaji muda, chukua, hata kama ni mrefu kuliko nitakaokuwepo. Na kama huko Mwanza utapokea simu za mama yako, zangu ukaziacha zilie, sitamtuma mtu akuulize kwa nini. Ninachoogopa kuliko vyote ni kupoteza kicheko chako humu ndani, na nimekiweka rehani kwa mkono wangu, nikiwa mzima na akili zangu.

Nilikusudia kuitia barua hii chini ya begi lako, uikute ukiwa umeshapita Singida, mbali na uso wangu. Nimeisoma upya nikaona ni ujanja uleule: wewe ulie mbele ya abiria, na mimi niwe pembeni. Basi sitaificha. Mkirudi kutoka Miyuji nitamwomba mama yako akae chumbani, nitakupa mkononi, na utaisoma hapa hapa kwenye robota. Simu nimeizima, nimeifungia kabatini. Mimi nitakaa mbele yako mpaka umalize ukurasa wa mwisho, na safari hii sitasogea.

Baba yako,
Juma